Je, wajua kwanini watu wengi wa Arusha wana meno ya kahawia?

Mtu akicheka tu watu washajua, we wa Arusha au Meru eh? Na kuna wale wanaoenda mbali zaidi wanasema huyu hapigi mswaki, kitu ambacho sio kweli kabisa, manake yale madoa hata upige mswaki asubuhi mchana jioni hayatoki, yako ndani ya jino lenyewe.

Chanzo ni floridi, aina ya madini iliyoko kwenye maji. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake pamoja na majivu yaliyomwagika huko zamani yana floridi nyingi, sasa mvua ikinyesha maji yanazama ardhini, yanapita humo taratibu na kuibeba. Ila hapo kuna kitu wengi hawakijui. Sehemu nyingine duniani floridi ikikutana na kalsiamu kwenye maji zinashikana, zinakuwa kitu kigumu kinabaki huko huko chini. Maji ya huku Bonde la Ufa yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwahiyo floridi inakosa wa kuishika inakuja mpaka kwenye ndoo yako, tena maji yenyewe meupe, baridi, matamu, huwezi kuhisi chochote. Ndo maana ukilifuata hilo bonde unakuta meno hayo hayo Naivasha, Nakuru mpaka Ethiopia.

Shirika la Afya Duniani linashauri floridi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4, sio kwamba tuna miili ya chuma, ni kwamba tungefuata ile 1.5 visima kibao vingefungwa na watu wangekosa maji kabisa. Kwenye yale maziwa ya Momella kule Hifadhi ya Taifa ya Arusha kiasi kinafika mamia ya miligramu kwa lita, hayo hata usiyafikirie.

Sasa mbona kuna mtu kahamia Arusha akiwa mkubwa, kanywa maji yale yale miaka 20, meno yake meupe pee? Ni umri. Lile gamba gumu la nje ya jino linajengwa wakati jino bado liko ndani ya ufizi, yani toka utotoni mpaka kwenye miaka 8 hivi, floridi ikizidi kipindi hicho gamba linajengeka vibaya, jino linaota na madoa meupe kama chaki halafu baadae yanageuka kahawia. Ukishapita huo umri meno yako yamepona, ila mifupa haijapona. Kunywa maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka na miaka kunakakamaza mifupa na viungo, na kuna watoto huku huku Meru, maeneo ya Maji ya Chai na Ngurdoto, miguu imepinda, hiyo sio utani wa meno tena.

Na hapa ndo watu wanapokosea: kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi haiendi popote, tena maji yakipungua kwenye sufuria yenyewe inabaki ile ile kwahiyo kila kikombe kinakuwa na zaidi. Dawa ya kutibu maji nayo ni hivyo hivyo, haigusi floridi.

Kitu kingine ambacho mimi naona hakisemwi vya kutosha ni magadi. Yale tunayotia kwenye makande, maharage na kiburu ili viive haraka, mengi yana floridi, na watafiti wamekuta sehemu ambazo maji hayana shida ila watoto wana madoa, magadi ya jikoni yakawa mmoja wa watuhumiwa.

Cha kufanya kipo. Maji ya mvua hayana floridi ya kusumbua, kwahiyo mwenye bati na tenki angalau watoto wadogo wanywe hayo. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floridi, na njia yao inayojulikana zaidi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa inachomwa kwa joto maalum, inasagwa chenga chenga, maji yanapitishwa humo na floridi inanasa. Ikichomwa vibaya maji yananuka na hakuna atakayeyanywa, na wapo wanaokataa tu wakisikia neno mifupa, hasa wakiwaza ni mifupa ya mnyama gani. Halafu ule mkaa unachoka, baada ya muda haunasi tena, lazima ubadilishwe, na kwa kuwa floridi haina ladha huwezi kujua umechoka lini mpaka maji yapimwe.