Hesabu ya Tajiri: Dhana Potofu Kuhusu Malipo ya Wafanyakazi wa Matatu

Jioni moja pale Nyamasaria, Kisumu, nchini Kenya, nilimtazama utingo akifunga hesabu ya siku chini ya taa ya kibanda cha M-Pesa. Noti alizokuwa amezikunja kwa urefu na kuzipachika katikati ya vidole tangu alfajiri alizinyoosha moja moja juu ya paja, akatenga fungu la tajiri, kisha la mafuta, kisha la gurudumu lililopasuka Jumatatu karibu na Awasi, na kilichobaki akakigawa mara mbili na dereva wake bila hata mmoja wao kusema neno. Abiria aliyekuwa kando yangu akacheka, akasema hawa watu hulala na hela. Kauli hiyo nimeisikia Nakuru, Kakamega na Busia pia, na ndani yake mna karibu makosa yote tunayoyafanya tunapozungumzia malipo, saa za ziada na uhusiano wa mwenye gari na anayeliendesha. Mengine huyasema abiria, mengine huyasema wenye magari, na machache, kwa masikitiko, huyasema wafanyakazi wenyewe.

"Hela zote humpitia utingo mkononi, kwa hiyo analipwa vizuri"

Kupita mkononi si kubaki mkononi. Katika matatu nyingi za eneo hili mwenye gari, ambaye kila mtu steji humwita tajiri, hamlipi dereva wala utingo mshahara. Hutaja kiasi anachotaka kila jioni, na kiasi hicho ndicho kinachoitwa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tajiri wa gari la abiria 14 anataka shilingi 4,000. Kabla ya hao wawili kuona senti yao, lazima mafuta yatoke, ada ya Sacco, yaani ushirika ambao gari limesajiliwa chini yake, itoke, kamagera aliyeita abiria apewe chake, gari lioshwe, na yatoke pia yale ya barabarani ambayo hayana risiti. Siku ya soko la Ahero ikiitika, hubaki kitu cha kutosha na pengine ndiyo siku ambayo abiria yule aliwaona wakicheka. Siku mvua ikinyesha tangu asubuhi au barabara ikifungwa na waandamanaji, abiria hupungua lakini hesabu haipungui. Kinachokosekana hugeuka deni la kesho. Gari likiingia gereji siku nne, siku hizo nne hazina chochote.

Ndiyo maana naona mjadala wa kiasi gani wanachopata kwa siku unakwepa jambo lenyewe. Swali la maana ni nani anayeibeba siku mbaya. Mfanyabiashara wa kawaida hula faida na kumeza hasara, lakini tajiri anayetoza hesabu amejitengea fungu lisilotikisika na kumwachia mwajiriwa wake mabadiliko yote ya hali ya hewa, bei ya dizeli na msongamano, bila kumwachia mamlaka yanayolingana na mzigo huo. Dereva hapangi njia, hana kauli katika ada za Sacco, na akikataa kuondoka na gari lenye breki anazozitilia shaka, jioni ataambiwa aache funguo. Linganisha na agizo la mishahara la Novemba 2024, lililopandisha kima cha chini kwa asilimia 6 na kukifikisha cha kibarua wa kawaida katika miji mikuu shilingi 16,113.75 kwa mwezi, huku madereva wakiwekwa katika ngazi za juu zaidi. Kima hicho si utajiri, lakini kina sifa moja ambayo hesabu haina: hakishuki kwa sababu mvua imenyesha.

"Matatu haina mwajiri, ni makubaliano ya watu wawili"

Hili husemwa kwa ujasiri mkubwa, tena na watu waliozisoma kanuni zinazolikanusha. Wengi wetu tunazikumbuka zile zilizoitwa sheria za Michuki, yaani Notisi ya Kisheria nambari 161 ya mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya waziri wa uchukuzi John Michuki. Tunakumbuka mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano ubavuni mwa gari na sare za wafanyakazi. Tulichokisahau, au tulichosahaulishwa, ni kwamba kanuni zilezile zilitaka dereva na utingo waajiriwe kwa kudumu na kulipwa kila mwezi. Kanuni za mwaka 2014 za uendeshaji wa magari ya abiria, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, zikalirudia sharti hilo. Kwa hiyo jambo hili si geni. Lina zaidi ya miaka ishirini likiwa kwenye karatasi, na tatizo ni kwamba mara nyingi karatasi hutolewa kabatini wakati wa leseni na kurudishwa leseni ikishatoka.

Hata pasipo karatasi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimwachi mtu hewani. Inatambua mkataba wa mdomo. Inasema pia, katika kifungu cha 37, kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia jumla ya mwezi mmoja au zaidi, kazi yake huhesabiwa kuwa ya mkataba wa malipo ya mwezi. Na mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa humwangukia yeye.

Nisimdanganye msomaji, hata hivyo, kwamba kesi hizi ni mteremko. Tajiri anaweza kudai kwamba alikodisha gari tu na kwamba aliyekuwa akiliendesha alikuwa mfanyabiashara kama yeye. Hapo ndipo ushahidi wa mambo madogo unapoamua: taarifa ya M-Pesa inayoonyesha hesabu ikitumwa kila jioni kwa nambari ileile, ujumbe wa simu unaosema gari liende njia gani kesho, beji ya Sacco, jina katika daftari la zamu. Anayefuta ujumbe wake kila wiki ili simu ipate nafasi anafuta kesi yake. Dai la ajira lina muda wa miaka mitatu, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi husikiliza kesi Nakuru na Kisumu, kwa hiyo hakuna haja ya nauli ya Nairobi. Aliye na hali mbaya kuliko wote ni yule wa skwadi, anayeshika usukani kwa muda wakati dereva mwenyewe anakula au anapumzika, kwa sababu yeye ameajiriwa na mwajiriwa, na jioni hakuna daftari lenye jina lake.

"Saa za ziada ni mambo ya wenye ofisi, dereva hujichagulia muda wake"

Chukua njia ya Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho, ambayo ni kama kilomita 185. Dereva akienda na kurudi mara mbili kwa siku amekwenda kilomita 740. Kwa mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa, kilomita 80 kwa saa, bila kusimama hata Mau Summit kumshusha mtu, hizo ni zaidi ya saa 9 za kushika usukani. Sheria ya Trafiki, tangu marekebisho ya mwaka 2012, hairuhusu dereva wa gari la abiria kuendesha kwa zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Maana yake ni kwamba safari hizo mbili haziwezekani kihalali hata kwa dereva mtiifu kuliko wote, na tajiri anayepanga hesabu yake kwa kuzitegemea anajua anachokiomba.

Sasa tuje kwenye malipo. Agizo la jumla la mishahara linaweka wiki ya kawaida ya kazi kuwa saa 52, na linataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na mara mbili ikiangukia siku ya mapumziko au sikukuu. Lakini mara moja na nusu ya nini? Saa ya ziada haiwezi kupata bei mahali ambapo saa ya kawaida haina bei, na mtindo wa hesabu umeifuta bei ya saa kabisa. Ndiyo sababu utamsikia dereva aliyeamka saa kumi alfajiri na kuegesha saa nne usiku akisema kwamba hajawahi kufanya "ovataimu". Anasema kweli kwa namna yake: hajawahi kulipwa. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kila mwaka, ambazo ni haki ya kila mwajiriwa, husikika steji kama hadithi za watu wa benki.

Ile hoja ya kwamba hujichagulia muda haina uzito mkubwa. Asiyejua kama atapata chochote kabla ya saa kumi jioni hachagui kuendelea hadi usiku.

"Si wana Sacco? Sacco itawatetea"

Hii ndiyo dhana iliyowapotosha wafanyakazi wengi zaidi. Chini ya kanuni za 2014 gari la abiria lazima liwe chini ya Sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Sacco ya namna hiyo ni muungano wa wenye magari. Wanaokaa kwenye kamati yake ni matajiri au wawakilishi wao, na mkutano wake wa mwaka hujadili gawio, mikopo na nidhamu ya "wafanyakazi wetu". Zipo Sacco zinazowaruhusu madereva na utingo kuweka akiba, na hilo ni jema, lakini kuweka akiba mahali si kuwakilishwa hapo. Sacco inapomsimamisha dereva kwa wiki mbili kwa kugombana na kamagera, yenyewe ndiyo mlalamishi, hakimu na askari.

Chama cha wafanyakazi ni kitu kingine. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuanzisha chama, kujiunga nacho na kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamlazimu mwajiri kukitambua chama kikishawasajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoweza kuwa wanachama. Hapo ndipo fundo lilipo. Tajiri mwenye gari moja ana dereva mmoja na utingo mmoja. Steji yenye magari mia inaweza kuwa na waajiri themanini, na chama kinachotaka kujadiliana lazima kiwakabili mmoja mmoja, la sivyo kwanza kithibitishe kwamba mwajiri halisi ni Sacco. Mimi naamini njia hiyo ya pili ndiyo yenye tumaini, kwa kuwa ni Sacco inayotoa zamu, inayoadhibu na inayotajwa kwenye leseni, ingawa bila shaka mawakili wa Sacco wana majibu yao.

"Wamezoea kugoma"

Kumbuka Novemba 2018, serikali ilipoanza msako mpya wa kutekeleza kanuni zilezile za Michuki, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Magari yaliondolewa barabarani na matajiri, kwa kupinga au kwa kuogopa kukamatwa. Kisheria mgomo ni wa mfanyakazi dhidi ya mwajiri: mzozo hupelekwa kwanza kwa msuluhishi, ambaye ana siku 30, kisha hutolewa notisi ya maandishi ya siku 7. Mwenye mali anapoficha mali yake, dereva na utingo hukaa nyumbani bila senti kwa ajili ya ugomvi usio wao, halafu lawama za abiria huwaangukia wao.

"Ajali ikitokea, bima ya gari inamlipa kila aliyekuwa ndani"

Inamfidia abiria. Bima ya lazima ya magari hailazimiki kugharimia majeraha ya mwajiriwa wa mwenye gari aliyeumia akiwa kazini. Utingo aliyening'inia mlangoni, anayefanana na abiria kwa kila mwenye macho, yuko upande mwingine wa mstari huo. Kinachomhusu ni Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, inayomtaka mwajiri kukata bima tofauti kwa wafanyakazi wake na kuiripoti ajali kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Kwa ulemavu kamili wa kudumu, fidia hufikia mapato ya miezi 96. Mapato hayo huthibitishwaje kwa mtu asiye na hati ya malipo? Swali hilo linaturudisha pale kwenye noti zilizonyooshwa juu ya paja.

"Gari likiharibika mikononi mwako, unalipa"

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa makusudi ya mfanyakazi, na pesa zilizopungua kwa uzembe au udanganyifu wa aliyekabidhiwa kuzipokea, na kwa vyovyote jumla ya makato isizidi theluthi mbili ya mshahara. Kuchakaa kwa chombo hakumo. Nilimwuliza yule utingo wa Nyamasaria gurudumu lile lilikuwa la umri gani. Akaniambia tajiri alilinunua likiwa kuukuu, kwamba yeye na dereva walikuwa wameshamwambia mara mbili kwamba nyuzi zimeanza kuonekana, na kwamba yalikuwa yamebaki malipo ya siku tatu kabla ya deni kuisha.