Vivuli viwili kwenye picha ya harusi ya kifalme
Picha rasmi za harusi ya kifalme Ulaya zikifika kwenye magrupu ya WhatsApp ya Nairobi, wengi husema: kivuli kimoja kimeenda kushoto, kingine kulia, kidole kimoja hakionekani, kingo za gauni zina ukungu, basi picha imeunganishwa kutoka picha kadhaa.

Kivuli pekee hakithibitishi hilo. Picha za ndani mara nyingi hupigwa kwa taa mbili au zaidi, pamoja na mwanga wa dirisha, na kila mwanga huacha kivuli chake. Simama kati ya taa mbili za studio yoyote River Road, utazame sakafu. Kidole kinachokosekana huenda kimekunjwa nyuma ya shada la maua.

Kingo zenye ukungu? WhatsApp hubana picha, na lesi ya gauni ndiyo huharibika kwanza. Kwa hiyo usikague nakala ya grupu. Itafute picha hiyo kwa Google Lens, zana ya Google ya kutafuta kwa kutumia picha, fungua iliyo kubwa zaidi, kisha ukuze na kufuata mistari: fremu ya mlango, vigae, pindo la mkono. Mstari ukikatika ghafla, shuku uhariri.

Uhariri wenyewe upo, tena si siri kwa wapiga picha: kurekebisha rangi, au kumbadilishia mtoto aliyefumba macho uso wa picha iliyofuata. “Rasmi” humaanisha tu kwamba familia ya kifalme yenyewe ndiyo iliyoitoa picha.