Vitamini D iko chini. Je, ni saratani ya tumbo?

Siku hizi mgonjwa huingia kliniki na karatasi ya maabara mkononi, vitamini D imepigiwa mstari mwekundu: nanogramu 13 kwa mililita, na wengi wetu tunataka angalau 20. "Daktari, hii italeta saratani ya tumbo?"

Wengine hushangaa imeshukaje ilhali Nairobi iko karibu na ikweta. Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole, na anayepanda matatu alfajiri, akashinda ofisini Upper Hill hadi jioni, jua hulipata kupitia kioo tu, nacho huzuia miale inayohitajika. Julai ndiyo usiseme.

Ni kweli tafiti kadhaa zimekuta vitamini D kidogo kwa wenye saratani ya tumbo. Lakini mara nyingi damu ilitolewa mtu akiwa tayari mgonjwa. Aliyekonda, chakula hakipiti na anashinda ndani, vitamini ataitoa wapi? Mimi naiona namba hiyo zaidi kama alama iliyoachwa na ugonjwa. Jaribio la VITAL la Marekani liliwafuatilia watu 25,871 kwa takriban miaka mitano, nusu yao wakimeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku. Matokeo ya 2018: waliopata saratani hawakupungua. Japani nako waliwafuatilia wagonjwa 417 waliopasuliwa saratani za njia ya chakula, tumbo likiwemo, 251 kati yao wakimeza dozi hiyohiyo; tofauti iliyoonekana haikutosha kusema dawa ilizuia ugonjwa kurudi.

Kama mifupa inauma au kiwango kiko chini sana, tutakutibu. Ila usijinunulie dozi kubwa kubwa kwa duka la dawa: kalsiamu ikizidi kwenye damu utatapika, utafunga choo, hata figo ziumie.

Mshukiwa mkuu wa saratani ya tumbo ni bakteria Helicobacter pylori, aliyetajwa rasmi kuwa chanzo cha saratani mwaka 1994. Wengi humpata utotoni, na hutibika kwa antibiotiki. Nikikuona una "vidonda vya tumbo" visivyoisha, hapo ndipo nauliza. Na ukikonda bila sababu, choo kikiwa cheusi kama lami, au chakula kikikwama, tusipige hesabu za vitamini. Tuingize kamera tumboni.

Kipimo cha choo cha bakteria huyu kina masharti: zungumza na daktari wako usimamishe omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni) wiki mbili kabla, na antibiotiki wiki nne, la sivyo jibu linaweza kusema huna hali bado unaye.