Utando wa polima unaochuja chumvi: uzuri wake uko kwenye kuukausha

Ndugu zangu wa Kigamboni, Mbagala na kote mnakotumia maji ya kisima, mnaijua ile chumvi, chai hainyweki na sabuni haitoi povu. Upo utando mwembamba wa plastiki unaoweza kuitoa hiyo chumvi kwa umeme, na ndugu yake mwingine ndo anatengeneza kostiki mnayopikia sabuni pamoja na klorini ya kutibu maji, vyote viwili vinatoka kwenye mtambo mmoja wa maji ya chumvi. Sisi tunaofundisha kemia tunaulizwa sana huo utando umetengenezwa na nini, mimi leo naomba tuongelee umetengenezwaje, maana hapo ndo pesa na ubora vinapoamuliwa.

Kwa kifupi ndani ya polima, yaani plastiki ya molekuli ndefu kama minyororo, vimefungwa vikundi vya atomi vyenye chaji. Vikiwa na chaji hasi vinapitisha ayoni (chembe zenye chaji) chanya kama sodiamu ya kwenye chumvi na kuikataa kloridi, ambayo ni hasi, vikiwa chanya inakuwa kinyume chake. Ukizipanga tando za aina hizo mbili kwa kupishana halafu ukapitisha umeme, chumvi inavutwa pembeni na maji yanabaki bila chumvi. RO, ile mashine ya kuchuja mnayoiona kwenye vituo vya kuuzia maji, inasukuma maji yenyewe kwa presha yapenye kwenye utando, hii inavuta chumvi tu, kwahiyo kwa kisima chenye chumvi ya wastani inaweza kula umeme kidogo kuliko RO, ila kwa maji ya bahari RO inashinda. Japani waliupeleka upande mwingine kabisa, tangu 1972 chumvi wanayotengeneza kutoka baharini inakusanywa kwanza kwa tando hizi ndo ikachemshwe.

Sasa kiwandani. Polima ya tando hizi iliyo maarufu kuliko zote ni Nafion, iliyobuniwa na DuPont ya Marekani, ilitoka miaka ya 1960, ni ya florini na ina asidi ya sulfoniki, ndo kile kikundi chenye chaji hasi. Ikishakuwa ya asidi haiyeyuki vizuri kwa moto, kwahiyo wanaiyeyusha kabla, ikiwa bado kwenye umbo lisilo na chaji, wanaikamua kuwa karatasi, ndo baadaye wanaipika kwenye alkali moto na kuiosha kwa asidi ili ianze kupitisha ayoni. Njia hii ni imara ila karatasi inakuwa nene, ile ya namba 117 ina milimita 0.18 hivi, na kadiri unavyokuwa nene ndivyo umeme unavyopotea.

Ndo maana wakahamia kwenye kumwaga. Polima inachanganywa na maji na spiriti iwe kama rangi, inatandazwa kwenye plastiki laini inayotembea, inapita kwenye oveni. Hapo unapata milimita 0.05, 0.025, hata chini ya hapo. Lakini hapa ndo tando nyingi zinapofia na watu wa nje hawapaoni kabisa. Ukikausha haraka, juu kunashika ngozi kama ya uji uliopoa na spiriti inabaki imefungiwa chini, ikija kutoka inaacha kitundu, na kitundu kimoja kidogo kwenye betri ya haidrojeni, ambako tando hizi hutumika pia, kinaruhusu haidrojeni na oksijeni zikutane na kuunguza utando wote. Povu la hewa ni hivyohivyo, vumbi ni hivyohivyo. Ukikausha bila kuupasha joto la kutosha, nyuzi 130 hivi au zaidi kwa Nafion, utando unaonekana mzuri machoni ila unakuwa dhaifu, unapasuka, na ukiutia kwenye maji unaweza kuyeyuka tena, kwa sababu minyororo ya polima haijapata nafasi ya kujipanga na kushikana.

Tatizo la tatu ni kuvimba. Ukiongeza vikundi vya asidi utando unapitisha ayoni zaidi lakini unakunywa maji zaidi, unavimba, unakauka, unavimba, mwisho unachanika kwenye kingo. Dawa iliyofanya kazi kuliko zote kwa maoni yangu ni kuuwekea wavu ndani, teflon iliyovutwa mpaka ikawa na matundu madogo sana halafu polima inajazwa humo, na hiyo ndo imewezesha tando nyembamba za kwenye magari ya haidrojeni.

Zile za kostiki zina ujanja wake, tabaka mbili, ya sulfoniki upande wa chumvi na ya kaboksili, kikundi kingine cha asidi, upande wa kostiki ili kostiki isirudi nyuma. Zamani kazi hii ilifanywa kwa zebaki au asbesto, kwahiyo faida yake kwa afya za wafanyakazi ni kubwa mno.

Kwa kijana wa hapa Dar anayetaka kuanza, nashauri aachane kwanza na za florini, ni ghali na zina mjadala mkubwa wa mazingira Ulaya. Aanze na za kuchuja chumvi, stairini, malighafi ya maji ya kutengenezea plastiki, inapakwa kwenye kitambaa cha PVC, inaivishwa kwa joto, halafu inawekewa chaji kwenye bafu la kemikali, hiyo hatua ya mwisho ni asidi kali sana haitaki mzaha na wala haifanyiki nyumbani. Na kabla hajanunua oveni ya gharama anunue mashine ya kupunguza unyevu hewani pamoja na umeme wa akiba, maana na unyevu wetu wa pwani mwezi wa nne, oveni ikizimika katikati ya kukausha, roli nzima inatupwa.