Tonado, upepo wa mvua na mapaa yetu: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Mvua za kwanza zikikaribia, kuanzia Oktoba kwenda Novemba, magrupu ya WhatsApp ya huku kwetu Kigoma na kwa majirani zetu Tabora yanajaa klipu za upepo, bati linaruka, mwembe umelala barabarani, na chini yake mtu ameandika "tonado imeingia", wa pili anajibu serikali ilijua ikanyamaza, wa tatu anasema hiyo ni kazi ya watu. Na klipu nyingine wala sio za kwetu, ni za Oklahoma huko Marekani, zimerushwa tu na jina la wilaya yetu juu yake. Nimeona niandike kwa urefu kidogo maana hapa kuna maisha ya watu, mtu akielewa vibaya leo ndo atakayefungua madirisha siku ya siku.

"Bati likiruka ujue hiyo ni tonado"

Hapana. Tonado ni upepo unaozunguka kwa kasi, juu umeshikana na wingu la radi na chini umegusa ardhi. Upepo mwingi unaoezua mapaa Urambo, Kaliua, Kasulu au Kibondo ni kitu kingine. Wingu kubwa la mvua likianza kumwaga, mvua inapoza hewa, hewa ikipoa inakuwa nzito, inaporomoka kutoka juu kwa kasi na ikishagonga chini inasambaa pande zote. Ule ubaridi unaokupiga usoni dakika chache kabla ya tone la kwanza ndo wenyewe, siku nyingine unapita kistaarabu tu na siku nyingine unakuja na nguvu ya kung'oa mwembe aliopanda babu. Na jamani kusema "sio tonado" sio kusema ni kitu kidogo, upepo wa namna hii unaweza kuharibu sawasawa na tonado ndogo au hata zaidi.

Sasa wataalamu wanatofautishaje wakati wanafika jambo limeshapita? Wanaangalia vitu vimelalaje. Aliyetufundisha hilo zaidi ni Mjapani mmoja, Tetsuya Fujita, ambaye mwaka 1945 alikwenda kukagua uharibifu wa mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki akaona jinsi miti ilivyolala kuelekea nje kutoka pale chini ya mlipuko. Baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Chicago, na baada ya ule mlipuko wa tonado 148 uliopiga Marekani tarehe 3 na 4 Aprili 1974 akawa anazunguka na ndege ndogo juu ya misitu na mashamba anapiga picha. Kuna sehemu akakuta miti imelala imetawanyika kama miale ya nyota, akakumbuka aliyoyaona kwao Japani, akasema hapa hapakuwa na tonado, hapa hewa ilianguka kutoka juu. Wenzake wengi walimbishia lakini alikuwa sahihi, na marubani wa leo wanafundishwa kukwepa huo upepo wakati wa kutua kwa sababu ya kazi yake.

Kwa hiyo ukiona miembe yote imelala upande mmoja, au imetawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa, huo ni upepo wa kuporomoka. Ukiona imelaliana, huu umeangukia kule na ule umeangukia huku, ndani ya njia nyembamba ndefu, hapo ndo uanze kufikiria mzunguko. Tatizo letu ni kwamba kufika saa nne asubuhi miti imeshakatwa kuni, ushahidi umeingia jikoni.

"Tonado ndo hiyo hiyo kama Hidaya"

Hidaya iliyofika pwani yetu Mei 2024 ilikuwa kimbunga cha baharini. Hicho kina upana wa mamia ya kilomita, kinaishi siku kadhaa, kinapewa jina, kinafuatiliwa kwa setilaiti tangu kikiwa mbali na kikipanda nchi kavu kinaanza kuishiwa nguvu. Tonado mara nyingi ina upana wa mita mia kadhaa au pungufu na nyingi zinaisha ndani ya dakika kumi hivi. Na kale kavumbi kanakozunguka uwanjani mchana wa Septemba Tabora nako sio tonado, kanatokana na ardhi iliyochemka na hakana wingu lolote juu yake.

"Ziwa linanyonywa maji"

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaijua ile nguzo inayoshuka kutoka kwenye wingu mpaka majini, na utasikia watu wakisema ni joka, wengine wanasema maji yananyonywa kwenda kunyesha kwingine. Ile nguzo unayoiona sehemu kubwa ni mvuke wa hewani uliopoa ukawa matone, kama wingu lenyewe lilivyo, maji ya ziwa yanarushwa pale chini kwenye kitako tu. Nyingi ni dhaifu na zinakufa zikigusa nchi kavu ila mtumbwi zinaweza kuupindua bila shida, kwa hiyo ukiiona usisogee kurekodi, angalia inaelekea wapi na wewe ukate kwenda pembeni mwa njia yake.

"Wana mashine inayopima nguvu ya tonado ikipita"

Hili hata wasomi wanakosea. Ukisikia tonado imepewa daraja EF3 au EF5 (madaraja yanaanzia EF0 mpaka EF5) usidhani kuna kipimo kilisimama pale kikasoma upepo. Mara nyingi sana hakuna kifaa kilichopitiwa, na kikipitiwa tonado inaondoka nacho. Daraja linatoka kwenye mabaki. Fujita alileta skeli yake mwaka 1971, na tangu 1 Februari 2007 Marekani wanatumia ile iliyoboreshwa, ndo hiyo EF (Enhanced Fujita), yenye vitu 28 vya kuangalia: nyumba ya kuishi, shule, ghala, nguzo ya umeme, mti na kadhalika. Mtathmini anaangalia kitu gani kimeharibika kwa kiasi gani, ndo anakadiria upepo uliohitajika kufanya vile. EF0 inaanzia kilomita 105 hivi kwa saa, EF5 ni zaidi ya kilomita 322.

Matokeo yake ni kwamba tonado kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa upana, ya El Reno huko Oklahoma tarehe 31 Mei 2013, ilikuwa na upana wa kilomita 4.2, rada za kwenye magari zilisoma ndani yake upepo wa zaidi ya kilomita 470 kwa saa, ikamuua Tim Samaras ambaye alikuwa mtafiti mzoefu wa tonado pamoja na mwanae Paul na mwenzao Carl Young, na bado ikabaki na daraja la EF3. Kwa nini? Ilipita sana kwenye mashamba ya wazi, vya kuvunja vilikuwa vichache, na kisichovunjwa hakina cha kumwambia mtathmini. Watu walibishana sana kuhusu hilo na mimi naelewa uchungu wao ila utaratibu ni utaratibu, ukianza kupandisha madaraja kwa huruma utashindwa kulinganisha ya mwaka huu na ya miaka thelathini iliyopita.

Kuna ya Vilonia, Arkansas, 27 Aprili 2014. Kuna nyumba ziliondoka zikabaki sakafu tupu, mtu wa kawaida angesema hii EF5 moja kwa moja, lakini wakaguzi walipoinama kuangalia msingi wakakuta boliti hazina nati wala washa, ikapewa EF4. Yaani nyumba iliyofungwa vibaya haiwezi kushuhudia upepo mkubwa, kwa sababu hata upepo wa wastani ungeichukua.

Hapo ndo nataka fundi wa Kigoma na mwenye nyumba wa Tabora wanisikilize. Nenda kwenye bati lililoruka, lishike, angalia tundu la msumari. Kama tundu limechanika na msumari umebaki kwenye mbao, bati ndo lilishindwa, jembamba mno au misumari ni michache. Kama msumari umetoka na bati, mbao haikuushika. Na kama bati, mbao na kenchi vimeondoka pamoja vikaenda kutua shamba la jirani vikiwa bado vimeshikana, basi kila kitu kilikuwa kizuri isipokuwa sehemu moja, kenchi haikufungwa kwenye ukuta, iliwekwa juu yake tu ikategemea uzito. Kwa nyumba za kwetu hilo la mwisho ndo ugonjwa mkubwa, na dawa yake ni waya mzito au mkanda wa chuma uliozamishwa kwenye zege la linta kabla halijakauka halafu ukaja kuizunguka kenchi. Gharama yake ukilinganisha na bati geji 28 za nyumba nzima ni ndogo mno.

"Walijua, wakanyamaza" na ndugu yake, "Walitabiri, haikutokea, waongo"

Hizi mbili huwa zinatoka kwenye mdomo mmoja.

Zamani Marekani wenyewe walikwepa kabisa kutaja tonado kwenye utabiri wakihofia watu watataharuki. Tarehe 20 Machi 1948 tonado ikapiga kambi ya jeshi la anga ya Tinker, Oklahoma, maofisa wawili Ernest Fawbush na Robert Miller wakaambiwa wachunguze kama jambo hilo linaweza kutabirika, na tarehe 25, siku tano tu baadaye, wakaona hali ya hewa inafanana na ya siku ile, wakatoa onyo, na jioni tonado ikapiga kambi ile ile. Ndo utabiri wa kwanza uliofanikiwa. (Na anayeamini haipigi mahali pamoja mara mbili amejibiwa hapo hapo, mji wa Moore, Oklahoma, nao ulipigwa vibaya 1999, 2003 na 2013.)

Ila mpaka leo kinachotabirika mapema ni mazingira, sio nyumba. Siku kadhaa kabla wanaweza kusema eneo fulani lina unyevu, joto na pepo za juu zinazotofautiana kasi na mwelekeo, kwa hiyo hatari ipo. Tonado yenyewe wanaionea kwenye rada inapoanza kuzunguka, na wastani wa muda wa onyo umekuwa kama dakika kumi hivi. Na karibu maonyo 7 kati ya 10 ya tonado Marekani hayafuatiwi na tonado. Huo sio uongo, wakisubiri uhakika wa asilimia mia watakuwa wanatangaza msiba.

Mlipuko wa tonado wa Aprili 2011 huko Marekani ulitabiriwa vizuri sana, siku kadhaa kabla, na tarehe 27 maonyo yalitoka kwa wastani wa zaidi ya dakika 20 kabla, bado siku hiyo moja walikufa zaidi ya watu 300, wengi Alabama. Moja ya sababu ni kwamba asubuhi kulipita dhoruba ya kwanza ikakata umeme na kuzima baadhi ya mitambo ya kurusha maonyo, mchana zile kubwa zikakuta watu gizani. Mwezi uliofuata, Joplin, Missouri, ving'ora vililia mapema lakini wengi walisubiri kwanza dalili ya pili, wapigiwe simu au waone wingu kwa macho. Walikufa watu 158.

Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa (TMA) wana rada hata hapa Kigoma sasa, ni hatua kubwa, lakini mawimbi ya rada yanakwenda yakipanda juu kadri umbali unavyoongezeka kwa sababu dunia ni duara, ukishafika kilomita 150 hivi yanapita zaidi ya kilomita 2 juu ya ardhi, kinachotokea chini ya hapo hayakioni. Kwa hiyo wakitoa "angalizo" au "tahadhari" ya mvua kubwa na upepo kwa mkoa wako usitegemee watataja kata yako. Ukisikia, pandisha mtumbwi, toa mtoto chini ya mwembe, chaji simu mapema.

Mengine ya haraka

Kufungua madirisha ili presha ilingane: acha, unakaribisha upepo ndani ukasukume paa kutoka chini. Kujificha chini ya daraja: tarehe 3 Mei 1999 watu watatu walikufa Oklahoma kwa kufanya hivyo, upepo unabanwa pale na vitu vinaruka. Mito na milima inazuia: tonado ya 18 Machi 1925 huko Marekani iliyoua watu 695 ilivuka mto Mississippi. Mahali pazuri ni chumba kidogo cha katikati kisicho na dirisha, chini kabisa, umefunika kichwa. Huku kwetu tonado kali ni nadra kwa kuwa karibu na ikweta pepo za juu hazitofautiani vya kutosha na za chini, ila chumba hicho hicho kitakusaidia kwa upepo wowote.

"Waliokufa wengi, basi upepo ulikuwa mkubwa"

Tarehe 26 Aprili 1989 tonado moja Bangladesh, eneo la Daulatpur na Saturia, iliua watu wanaokadiriwa 1,300. Inatajwa kuwa iliyoua watu wengi kuliko zote duniani, na eneo lilikuwa na watu wengi waliobanana kwenye nyumba dhaifu. Idadi ya vifo inapima nyumba, saa ya tukio na taarifa zilivyofika, pamoja na upepo wenyewe. Zinazopiga usiku zinaua zaidi maana watu wamelala.

"Tathmini ni kuhesabu bati tu ili msaada uje"

Kuhesabu ni lazima na mtendaji na kamati ya maafa ya kijiji watakuja na daftari, wape ushirikiano. Lakini wakihesabu "nyumba 40" bila kuandika zilivyoezuliwa, mwakani zitajengwa vile vile. Kabla hujagusa kitu, kama hakuna majeruhi na waya wa umeme haujaanguka, piga picha ya kila upande wa nyumba, kisha sogea karibu upige pale kenchi ilipokutana na ukuta na lile tundu la msumari. Piga miti ilivyolala na useme kaskazini ni wapi. Bati lililosafiri, hesabu hatua kutoka kwenye nyumba lilikotoka. Na andika saa upepo ulipoanza, hata kwa kukadiria, kwa sababu hiyo saa ndo wataalamu watakayoilinganisha na picha za rada na setilaiti za jioni ile.