Ndugu wanaouguza nyumbani na utafiti: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mwite mke aliyemuuguza mumewe miaka sita "mtoa huduma asiye rasmi" na huenda asigeuke. Yeye ni mkewe, basi. Watafiti wengi humkosa hapo hapo, kwenye tangazo la kutafuta washiriki lenye jina ambalo hajawahi kujiita. Andika "Je, kuna mtu wa familia unayemuuguza?" naye atasimama asome. Wakishapatikana, zinabaki dhana zinazowafungia mlango, na zinaniuma kwa sababu nyingi husemwa kwa nia njema.

Dhana: Ndugu akishajaza dodoso, ameshirikishwa.

Kujaza dodoso ni kutoa taarifa. Anayeshirikishwa ana sauti katika kuamua kitakachoulizwa. Chukua swali hili la kawaida: "Kwa wiki unatumia saa ngapi kumhudumia mgonjwa?" Anayelala huku sikio likifuata kikohozi cha chumba cha pili ajibu nini? Hakuinuka kitandani, na usingizi hakupata. Akihesabu kuogesha, kulisha na kubadilisha shuka peke yake, usiku mzima unapotea kwenye takwimu. Aliyewahi kuuguza angeiona kasoro hiyo siku swali linapoandikwa. Mtafiti huiona data zikiwa zimeshakusanywa, kama ataiona.

Nchini Uingereza, mpango uitwao James Lind Alliance, ulioanzishwa mwaka 2004, huwaweka wagonjwa, ndugu wanaowauguza na wataalamu wa afya meza moja, wakubaliane maswali 10 hivi yanayostahili kutafitiwa kwanza. Ndugu anakuwepo kabla utafiti wenyewe haujaanza.

Dhana: Wamechoka, tusiwaongezee mzigo.

Uchovu upo, na umepimwa kwa miongo. Mizani ya mtafiti Steven Zarit na wenzake, yaani dodoso la kupima mzigo wa anayeuguza, ilichapishwa mwaka 1980, na toleo lake la maswali 22 linatumika hadi leo. Lakini kumwamulia mtu kwamba hawezi ni kumnyima haki ya kukataa mwenyewe. Kinachomshinda mara nyingi ni kikao cha saa tatu asubuhi, wakati wa kuogesha, na hakuna wa kumwachia mgonjwa. Basi bajeti iwe na fungu la mtu wa kumshikia zamu, nauli na malipo ya muda wake, tangu ombi la fedha linapoandikwa. Kikao kiweze kufanyika kwa simu jioni. Na akiahirisha dakika ya mwisho, asilazimike kujieleza.

Dhana: Ndugu anaweza kumsemea mgonjwa.

Kwa baadhi ya mambo, ndiyo. Ila katika tafiti za demensia, hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, imeonekana mara nyingi kwamba familia huyaona maisha ya mgonjwa kuwa mabaya kuliko anavyoyaona mwenyewe. Hakuna anayedanganya: huzuni na uchovu wa anayeuguza vinaingia kwenye jibu lake. Waulizwe wote wawili, kila mmoja peke yake, maana yapo ambayo mke hatayasema mumewe akisikia. Ridhaa nayo ni vivyo hivyo. Kumuuguza mtu hakukupi moja kwa moja mamlaka ya kumtilia saini. Hilo huamuliwa na sheria za nchi na kamati ya maadili ya utafiti.

Dhana: Hawana elimu ya utafiti.

Hawaitwi kukokotoa takwimu. Wanaijua siku ya mgonjwa, na hiyo haifundishwi darasani.

Dhana: Mgonjwa akifariki, kazi ya ndugu imekwisha.

Wapo wanaotaka kupumzika, na wapo ambao ndipo hupata nafasi ya kusema waliyoyaona. Waulizwe, wapewe muda, na matokeo yawafikie kwa lugha wanayoielewa. Na kabla ya kupiga simu, mtafiti ahakikishe orodha yake imesahihishwa. Kuulizwa "mgonjwa anaendeleaje?" wiki mbili baada ya mazishi ni jeraha ambalo barua ya kuomba radhi hailiponyi.