Asidi na saruji ya mzizi wa jino: yanayodhaniwa na yalivyo

Wengi wakisikia asidi na meno, wanafikiria soda na ndimu. Lakini saruji inayoziba tundu la mzizi, au ncha yake baada ya upasuaji, imekaa ndani kabisa na vinywaji havifiki huko. Asidi inayoisumbua hutoka mwilini mwenyewe: palipo na usaha na uvimbe, pH ya tishu (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imeongezeka) hushuka, wakati kwa kawaida huwa karibu 7.4.

Dhana ya pili ndiyo yenye madhara zaidi: kwamba saruji ikishawekwa imeshaganda. MTA (mineral trioxide aggregate), mojawapo ya saruji hizi, iliyobuniwa na Mahmoud Torabinejad na wenzake katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, huganda kwa takriban saa 2 na dakika 45, kisha huendelea kukomaa kwa siku kadhaa. Silikati za kalsiamu huungana na maji na kujenga fuwele zinazoshikana. Asidi ikiingilia kati, ujenzi huo huvurugika na vinyweleo huongezeka.

Ugumu hupimwa kwa ncha ya almasi yenye umbo la piramidi. Inakandamizwa juu ya saruji kwa uzito maalumu, kisha alama iliyobaki inapimwa kwa hadubini. Alama ikiwa pana, saruji ni laini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, MTA iliyogandia kwenye pH 7.4 ilipata takriban 53 kwa kipimo hicho, kiitwacho Vickers, ambacho namba kubwa ni ugumu zaidi. Iliyogandia kwenye pH 4.4 ilipata takriban 14. Saruji ni ileile. Kilichobadilika ni asidi tu. Kwangu mimi, tofauti hiyo haipuuziki hata kidogo.

Wapo wanaosema MTA ina alkali kali, pH yake hupanda hadi 12.5, hivyo itajilinda yenyewe. Alkali hiyo ni ya kweli, ila vipimo hivyo vinaonyesha haitoshi kuiokoa.

Na unyevu, je, nao huidhuru saruji? Hauna kosa: bila maji saruji hii haigandi.

Kwa hiyo daktari akikuwekea kwanza dawa ya haidroksidi ya kalsiamu na kukuambia urudi baadaye, usidhani anakuzungusha. Anaua bakteria na kupunguza asidi, ili saruji ikute mahali panapoiruhusu kuwa ngumu.